Mlevi Mbele ya Macho Yetu

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 9:20–27, Walawi 16:29–31, Mithali 23:29–35, Habakuki 2:15, Luka 10:30–37, Warumi 7:15–25, 1 Wakorintho 6:9–11, Wagalatia 6:1, 2.

Wazo kuu: Kumwona mtu aliyeanguka si dhambi, wala si wema. Tunahukumiwa kwa kile tunachofanya baada ya kumwona.

Nje ya hema

Mlevi wa kwanza anayetajwa katika Biblia hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa Nuhu, mwenye haki katika kizazi chake, aliyejenga safina na kuokoa nyumba yake. Soma Mwanzo 9:20–27. Baada ya gharika alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi ndani ya hema lake. Hamu alimwona baba yake katika hali hiyo, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakaingia kinyumenyume wakiwa wamegeuza nyuso zao, wakamfunika.

Angalia kwamba Hamu hakusema uongo. Aliyoyaeleza yalikuwa kweli tupu: baba amelewa, baba yuko uchi. Hata hivyo laana iliangukia upande wake na baraka ikawa upande wa ndugu zake. Hamu alitoka nje akiwa na habari. Shemu na Yafethi waliingia ndani wakiwa na nguo.

Katika miji yetu hema la Nuhu limepata madirisha mengi. Chukua mfano wa fundi seremala katika mji kama Makambako, mtu aliyewahi kuwa shemasi. Msimu wa ulanzi unapofika, anakunywa. Siku moja anaanguka kwenye mtaro karibu na stendi, na vijana wawili wanampiga picha za video wakicheka. Kabla ya jua kutua, video imefika kwenye kundi la simu la kwaya. Usiku binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye huvaa skafu ya Watafuta Njia kila Sabato, anaifungua simu ya mama yake na kumwona baba akijaribu kusimama mara tatu bila kuweza.

Hakuna aliyesema uongo katika video hiyo. Lakini ukweli ule ulikuwa mali ya nani, na aliyeutangaza alitaka kumfanyia nini yule aliyelala mtaroni?

Swali hili linatupeleka mbali kuliko simu. Wapo watu waliokaa chini wakaandika vitabu vizima kuhusu kuanguka kwa mlevi, na wengine wakavigeuza vitabu hivyo kuwa filamu zilizotazamwa na mamilioni. Je, hao nao ni Hamu? Na sisi tukitazama, tumesimama nje ya hema pamoja naye?

Mtu mmoja na chupa yake

Mwaka 1944 mwandishi Mmarekani Charles Jackson alichapisha riwaya iitwayo The Lost Weekend, yaani mwisho wa juma uliopotea. Mwaka 1945 mwongozaji Billy Wilder aliigeuza kuwa filamu, na mwigizaji Ray Milland akachukua nafasi ya mlevi, Don Birnam. Filamu hiyo ilipata tuzo nne za Oscar, ikiwemo ile ya filamu bora ya mwaka. Kabla ya hapo mlevi katika sinema mara nyingi aliwekwa ili watu wacheke, kama anavyowekwa hadi leo katika michezo yetu mingi ya kuigiza: anayumba, anaongea hovyo, anaanguka, ukumbi unaangua kicheko. Katika filamu hii hakuna wa kumcheka Don.

Don anaishi New York pamoja na kaka yake, Wick, anayelipa kodi ya nyumba na kumlisha. Anajiita mwandishi, lakini hajaandika kitabu. Chupa yake ameining'iniza nje ya dirisha kwa kamba ili kaka yake asiione. Nyingine ameificha ndani ya taa ya darini. Anachukua fedha alizoachiwa mwanamke anayefanya usafi na kuzipeleka baa. Anajaribu kuiba mkoba wa mwanamke asiyemjua na kutupwa nje mbele ya watu. Anaanguka kwenye ngazi na kuzinduka katika wodi ya walevi hospitalini. Akiisha kutoroka na kurudi nyumbani anaona vitu visivyokuwepo: panya akitokeza ukutani na popo akimrukia panya huyo. Mwishoni anachukua koti la Helen, mwanamke anayempenda, analiweka rehani na kupata bastola, kwa nia ya kujiua.

Jambo moja katika filamu hii litamgusa msomaji wa Walawi kuliko mengine. Don, akiwa hana fedha, anabeba mashine yake ya kuandikia, kifaa pekee cha kazi alichonacho, akitaka kukiweka rehani apate kunywa. Anatembea mtaa hadi mtaa, na kila duka la rehani analofikia limefungwa. Hatimaye anaambiwa sababu: ni Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Soma Walawi 16:29–31. Siku ambayo Israeli waliamriwa kuzitesa nafsi zao na kuacha kila kazi ili dhambi zao zitakaswe, mtu huyu anaipita akigonga milango kutafuta pombe. Upatanisho uko mtaani kwake na yeye anaona kufuli tu. Wako wangapi katika miji yetu ambao kila Sabato hupita mbele ya kanisa wakielekea kilabuni, wala hakuna aliyetoka kuwaambia kwamba kilichomo ndani ni kwa ajili yao?

Miisho miwili

Riwaya na filamu zinafanana karibu kila mahali, isipokuwa mwisho. Katika filamu, Helen anamzuia Don asijiue. Mhudumu wa baa anamrudishia ile mashine ya kuandikia. Don anatumbukiza sigara ndani ya glasi ya wiski ili isinyweke tena, kisha anaanza kueleza kitabu atakachoandika. Mtazamaji anarudi nyumbani akiwa na tumaini. Katika riwaya hakuna jambo kama hilo. Don anapata kinywaji, anarudi kitandani, na anashangaa kwa nini watu walihangaika hivyo juu yake. Msomaji anajua kwamba mzunguko utaanza upya.

Mwisho upi ni wa kweli?

Soma Mithali 23:29–35. Sulemani anaorodhesha ole, huzuni, ugomvi, majeraha yasiyo na sababu na macho mekundu. Anasema divai mwishoni huuma kama nyoka. Anaeleza hata macho yanayoona mambo mageni, karne nyingi kabla ya Don kumwona popo wake. Na fungu la mwisho kabisa halina toba. Mlevi aliyepigwa na asisikie maumivu anauliza ataamka lini, apate kuitafuta tena. Sulemani anamalizia mahali palepale alipomalizia Jackson.

Sasa soma 1 Wakorintho 6:9–11. Paulo anawataja walevi miongoni mwa wale wasioweza kuurithi ufalme, kisha anawageukia Wakorintho na kuwakumbusha kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo. Walikuwa. Sasa wameoshwa, wametakaswa, wamehesabiwa haki. Biblia basi ina miisho yote miwili. Wa kwanza ni ukweli kuhusu pombe, wa pili ni ukweli kuhusu neema. Anayehubiri wa kwanza peke yake humkatisha mlevi tamaa. Anayehubiri wa pili peke yake humdanganya.

Filamu haikukosea kumpa Don tumaini. Ilikosea kulipatia tumaini hilo dakika chache, kwa upendo wa mwanamke na uamuzi wa mtu mmoja aliyesimama peke yake chumbani. Maisha ya mwandishi mwenyewe yanatuonya. Charles Jackson alikuwa mlevi aliyeacha pombe mwaka 1936, akaandika riwaya yake akiwa na akili timamu, na hakuna aliyeijua pombe kama alivyoijua yeye. Miaka ilipopita alirudia. Alikufa New York mwaka 1968 baada ya kumeza dawa za usingizi kupita kiasi. Kitabu chake kilifungua macho ya wengi, lakini kuujua ugonjwa hakukumponya yeye mwenyewe. Tunalisema hili kwa heshima na huzuni, kwa kuwa makanisani mwetu nako wapo walioweza kueleza somo la kiasi vizuri kuliko wote, na siku moja wakaanguka.

Mwenye dhambi au mgonjwa?

Katika baraza la kanisa swali huja kwa namna hii. Ndugu mmoja husema: ulevi ni dhambi, kanuni ya kanisa iko wazi, jina lifutwe. Mwingine husema: ulevi ni ugonjwa, huwezi kumfuta mtu kwa sababu ya malaria. Mara nyingi kikao huisha kwa kura, na hakuna aliyemsadikisha mwenzake.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristoteli alilitafakari jambo hili zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Alisema mtu akisharusha jiwe hawezi kulirudisha mkononi, lakini kulirusha au kutolirusha kulikuwa katika uwezo wake. Kwake yeye mlevi ana hatia kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutoanza. Hoja hiyo ina nguvu, na hakuna mwalimu wa kiasi atakayeikataa: kikombe cha kwanza mtu hukinywa akiwa huru.

Lakini hoja hiyo inamwacha mtu aliyekwisha kurusha jiwe bila neno lolote. Soma Warumi 7:15–25. Paulo anamweleza mtu anayelichukia jambo na bado analitenda, anayetaka jema na asione nguvu ya kulitenda. Hamwiti mtu huyo asiye na hatia. Anamwita mfungwa. Mfungwa anaweza kuwa alijifunga mwenyewe, na bado akahitaji mtu mwingine aje na ufunguo. Kumwambia tu ajifungue ni kumwongezea mzigo.

Kwa hiyo majibu yote mawili ya barazani yana ukweli. Ulevi ni dhambi, ndiyo maana mlevi anaitwa atubu. Ulevi unaufunga mwili na nia, ndiyo maana anahitaji kutibiwa na kubebwa. Ellen White, katika kitabu Huduma ya Uponyaji kilichotoka mwaka 1905, aliweka sura nzima juu ya kuwasaidia watu wasio na kiasi, na hakuishia kwenye maombi: alitaka wapewe pia chakula kizuri, mavazi safi na kazi ya kufanya, na wasaidizi wao wasichoke wanaporudi nyuma.

Hapa pana jambo ambalo kila mzee wa kanisa anapaswa kulijua. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Kumfungia chumbani na kumwombea bila kumpeleka hospitali si imani. Yule aliyemwona popo ukutani alikuwa anahitaji daktari usiku uleule.

Ulanzi wa asubuhi

Mpaka hapa tumemtazama mlevi. Haki inadai tumtazame pia anayemjazia kikombe. Katika filamu yuko mhudumu wa baa aitwaye Nat. Ni mtu mwema. Anamwonya Don, anamhurumia, anamwambia wazi kwamba anajiangamiza, kisha anamimina. Glasi zinaacha alama za mviringo juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, na Don anamwomba asizifute. Anaendelea kumwonya, na alama zinaendelea kuongezeka.

Mkoani Njombe Nat hana baa. Ana mianzi. Wakati wa mvua chipukizi changa la mwanzi hukatwa ncha, chombo kikatundikwa, na utomvu ukadondoka taratibu. Mgemaji hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu usikome. Ukiwa mpya ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Ukiachwa huchacha wenyewe, bila mtu kuongeza chochote, hadi uwe mkali, nao huitwa mkangafu. Hakuna mstari unaoonekana kati ya kinywaji kimoja na kingine. Kuna saa tu.

Sasa fikiria mama mjane, mshiriki mwaminifu wa kijiji fulani kando ya barabara ya Njombe kwenda Makambako. Mumewe alimwachia kichaka cha mianzi. Yeye hanywi, hajawahi kunywa. Kila asubuhi huuza mtogwa kwa mwenye baiskeli anayeupeleka mjini, nayo zaka huitoa bila kuchelewa. Ada ya watoto wawili hutoka humo. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo. Malori husimama, watu hushuka, na kiu haikosekani. Ndoo iliyotoka shambani ikiwa juisi hufika jioni ikiwa mkangafu. Yule fundi seremala wa mtaroni ni mmoja wa wanaoinywa.

Mama huyu ana hoja, na si hoja za mtu mbaya. Mwanzi aliuumba Mungu. Alichouza kilikuwa kitamu na safi. Hakumshika mtu kumnywesha. Na yeye akiacha, jirani atauza.

Soma Habakuki 2:15. Nabii anatamka ole juu ya yule anayempa jirani yake kileo, anayemlevya ili autazame uchi wake. Fungu hilo linaunganisha mambo mawili tuliyoyaona tangu mwanzo, kikombe na macho. Mama yetu hakutaka kuutazama uchi wa mtu, na tofauti hiyo ya nia ni kubwa mbele za Mungu. Lakini anajua saa ngapi ndoo inafika mjini. Mtu anayejua mto unakoelekea hawezi kusema alichofanya ni kumwaga maji tu. Kuhusu jirani atakayeuza, hiyo ni hesabu ya jirani. Kila mmoja atauchukua mzigo wake mwenyewe mbele za Mungu.

Na hatuzungumzi juu ya kinywaji kisicho na madhara. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na taarifa yake ya 2024 ilikadiria kwamba watu milioni 2.6 walikufa kwa sababu ya pombe katika mwaka 2019. Serikali ya Tanzania nayo iliona hatari iliyokuwa karibu na watoto wetu, ikapiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ilikuwa hatua njema. Lakini sheria hufunga pakiti. Haifungi kiu, wala haigusi kichaka cha mianzi nyuma ya nyumba.

Hata hivyo kanisa likiishia kumwambia mjane aache, litakuwa limefanya kazi nyepesi na kumwachia yeye ile nzito. Mianzi hujenga, husuka vikapu na matenga. Ardhi ya Njombe huotesha viazi na parachichi. Lakini mparachichi huchukua miaka kabla ya kuzaa, na ada hudaiwa Januari. Kanisa linalotaka mama huyu atii dhamiri yake lina wajibu wa kuuliza miche itatoka wapi, nani atamsaidia kuipanda, na watoto watasomaje katikati ya hapo. Dhamiri ya mmoja inaposafishwa, gharama yake ni ya ndugu wote.

Kufunika siyo kuficha

Turudi kwenye nguo ya Shemu na Yafethi. Wapo wanaosoma habari ile na kusema: basi tunyamaze, aibu ya nyumba isitoke nje. Familia nyingi za walevi huishi hivyo. Mke husema mume ana homa. Watoto hufundishwa kumwambia mwajiri kwamba baba amesafiri. Katika filamu Wick naye alifanya hivyo: Helen alipoiona chupa kwa mara ya kwanza, Wick alidai ni yake, akajiita yeye ndiye mlevi ili kumlinda ndugu yake. Ulikuwa upendo, lakini haukumsaidia Don hata siku moja. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kuficha ni kukataa kwamba jeraha lipo. Kufunika ni kukubali kwamba lipo, kulifunga kitambaa, na kumpeleka majeruhi panapostahili. Shemu na Yafethi hawakujidai kwamba baba yao hakulewa. Walijua kabisa, ndiyo maana walikwenda na nguo. Na Roho Mtakatifu hakuifuta habari ile katika kitabu cha Mwanzo. Iliandikwa ili sisi tusimame. Kisha Waebrania 11:7 inapomtaja Nuhu tena miongoni mwa mashujaa wa imani, hema halitajwi. Mungu alilisema lililohitajika kusemwa, mahali lilipohitajika, na hakulirudia ili kumwaibisha.

Hapo tunapata kipimo cha vitabu na filamu, na cha simu zetu pia. Soma Luka 10:30–37. Watu watatu walimwona yule aliyelala njiani karibu ya kufa. Kuhani alimwona. Mlawi alimwona. Msamaria alimwona. Macho yalikuwa yaleyale. Tofauti ilianzia katika huruma na ikaonekana katika miguu: wawili walipita kando, mmoja alikaribia akiwa na mafuta, divai na kitambaa, akalipa gharama na kuahidi kurudi.

Waadventista wameonywa kwa muda mrefu juu ya sinema, na onyo hilo lina sababu yake. Kwa kutazama tunabadilishwa (2 Wakorintho 3:18). Mtu akitazama mara nyingi aibu za wengine kwa burudani, moyo wake hujifunza kupita kando. Hiyo ni kweli hata kama filamu ina fundisho jema, na hata kama video ina dakika moja tu. Kwa upande mwingine, simulizi linalomwonyesha mlevi kama mtu, mwenye kaka, mwenye mpenzi, mwenye kazi aliyotaka kuifanya na asiweze, laweza kumrudisha msikilizaji kwenye mtaro alioupita asubuhi. Yesu mwenyewe alisimulia habari za mwana aliyetapanya mali. Basi kila anayetazama na ajiulize: nikisha kuona hili, nitakuwa karibu zaidi na mtu aliyeanguka, au nitakuwa nimeshiba kwa kumtazama?

Yule fundi seremala, basi, adaiwa nini na kanisa lake? Wagalatia 6:1, 2 inajibu kwa mpangilio mzuri. Kwanza arejezwe upya, kwa upole, na wale walio wa Roho. Neno la Kiyunani alilotumia Paulo hapo ni lile la kutengeneza nyavu zilizochanika, kama wana wa Zebedayo walivyokuwa wakifanya. Nyavu haitengenezwi kwa kuipigia kelele, wala haitengenezwi kwa siku moja. Pili, mtengenezaji ajiangalie mwenyewe. Tatu, mzigo uchukuliwe pamoja. Huenda nidhamu ya kanisa ikawa lazima, kwa kuwa ushirika una maana na kiapo cha ubatizo kina maana. Lakini kufuta jina hakumalizi wajibu. Mtu asiye tena katika daftari bado amelala njiani, na msafiri anayekuja ndiye jirani yake.

Kuna kazi ndogo zinazoweza kuanza juma hili. Video ifutwe katika simu ya kila mwanakwaya, na kiongozi wa kwaya aseme kwa nini. Wazee wawili wamtembelee fundi asubuhi, kabla ya kilabu kufunguliwa, wakiwa na nafasi ya kukaa na si karatasi ya baraza. Apelekwe hospitali, na asiende peke yake. Dorkasi wamtembelee mkewe, ambaye huenda kwa miaka mingi hakuulizwa hali. Mtu mwenye kazi ya milango na madirisha ampatie kazi, na ujira wake mwanzoni upite mkononi mwa mke, kwa makubaliano. Na akianguka tena, kama inavyotokea kwa wengi, ziara irudiwe.

Na pawe na mtu wa kukaa na yule binti. Yeye alimwona baba yake kupitia macho ya Hamu, kwa sababu watu wazima walimpatia macho hayo. Anastahili kumwona angalau mara moja akiingiziwa nguo.

Maswali ya kujadili

1. Hamu alisema kweli, na bado alikosa. Je, ni lini kusema kweli juu ya dhambi ya mwingine ni wajibu, na ni lini ni dhambi? Mtachoraje mstari huo katika makundi ya simu ya kanisa lenu?

2. Linganisha mwisho wa Mithali 23 na 1 Wakorintho 6:11. Je, mahubiri ya kiasi katika kanisa lenu huegemea upande mmoja? Mlevi akiyasikiliza, ataondoka na nini?

3. Baraza likikaa juu ya mshiriki mlevi, linawezaje kutunza utakatifu wa ushirika na wakati huohuo kumtibu mtu? Tajeni hatua halisi, na nani atazichukua.

4. Mjane mwenye mianzi amekuja kuomba ushauri. Kabla ya kumjibu, tajeni kila mmoja atachangia nini ikiwa atakubali kuacha. Kama hakuna cha kuchangia, je, bado mna haki ya kumshauri?

5. Mfikirie mtu mmoja mlevi unayempita mara kwa mara. Juma hili utaingia kwake na nini mkononi?